Hirola ni wa Nani?

Mwaka 1888 Mwingereza mmoja kwa jina H.C.V. Hunter alikuwa akiwinda kandokando ya Mto Tana. Akakutana na swala ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote ya wataalamu wa Ulaya. Mwaka uliofuata mtaalamu wa wanyama Philip Sclater akamwandika rasmi huko London, akampa jina la mwindaji. Hadi leo, kwa lugha ya sayansi, mnyama huyo ni Beatragus hunteri. Huku kwetu alikuwa akiitwa arawla tangu kabla babu yake Hunter hajazaliwa, lakini nani alituuliza?

Ninyi wa mjini mnamjua kama hirola, kama mnamjua kabisa. Ni mnyama wa rangi ya mchanga, pembe ndefu zilizopinda kama kinubi, na mstari mweupe unaopita kati ya macho mithili ya fremu ya miwani. Chini ya kila jicho ana tezi nyeusi, ndiyo maana wengine husema ana macho manne. Hesabu za angani za miaka ya 1970 zilimweka juu ya 10,000. Leo wamebaki chini ya 500, karibu wote katika Kaunti ya Garissa, hasa upande wa Ijara, pamoja na kikundi kidogo kilichohamishiwa Tsavo Mashariki. Ndiye spishi ya mwisho kwenye jenasi yake. Akiisha yeye, tawi zima limekatika.

Naandika haya kwa sababu kila baada ya miezi michache mjadala uleule hurudi Nairobi, na kila ukirudi watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema: fungueni uwindaji, matajiri waje walipe maelfu ya dola kupiga dume mmoja mzee, pesa ziende kwa wanakijiji, na wanakijiji wataona faida ya kuishi na wanyama. Kundi la pili linasema: hapana, funga bunduki kabisa, weka hifadhi, ondoa mifugo, acha pori lijirudie lenyewe. Nimesoma mabishano ya aina hii hadi yale ya Uingereza, ambako mabwenyenye wenye mashamba makubwa hubishana kama waendelee kufuga kware wa kupigwa risasi kila Agosti, au wafanye kama wale wa Knepp, kule Sussex, walioacha kilimo na kuliachia shamba lao zima likawa pori tena.

Lakini kule Uingereza swali moja limeshajibiwa kabla mtu hajafungua mdomo. Shamba lina mwenyewe. Jina lake liko kwenye hati. Akitaka kupiga kware, atapiga. Akitaka kuleta viumbe waliotoweka karne zilizopita, ataleta, na majirani watanung'unika tu. Garissa ardhi ni ya jamii, na mifugo hupita ikifuata mvua. Kwa hivyo unaponiuliza kama tuwinde au turudishe pori, mimi nauliza kwanza: "tu" ni akina nani?

Tuanze na enzi ya leseni.

Mwaka 1900 serikali za kikoloni za Ulaya zilikaa London zikatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyamapori wa Afrika. Ukisikia jina lake utadhani ni jambo la huruma. Kilichofuata katika makoloni, ikiwemo huku kwetu, ni sheria zilizofanya uwindaji kuwa starehe ya mwenye leseni na bunduki, na kuufanya mshale, mtego na shimo kuwa uhalifu. Miaka tisa baadaye Theodore Roosevelt, ndiyo kwanza ametoka kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Kwa hesabu yake mwenyewe wawili hao waliua wanyama 512. Aliitwa mwanamazingira, na bado anaitwa hivyo.

Angalia maneno yetu. Mwenye leseni alibaki kuwa mwindaji. Asiye nayo akawa jangili. Mnyama ni yuleyule, damu ni ileile, kinachotofautisha ni karatasi.

Kaskazini Mashariki karatasi zilikuwa nzito zaidi. Sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni, na baadaye ile ya 1934 ya wilaya maalumu, ziliifunga Northern Frontier District kama chumba. Mfugaji alihitaji kibali kutoka eneo moja kwenda jingine. Wazee hulizungumzia jambo hili hadi leo, tena bila kupandisha sauti, kama mtu anayesimulia hali ya hewa.

Waliobebeshwa mzigo mkubwa wa hizo karatasi, kwa maoni yangu, ni Waaweer. Wengi huwaita Waboni, jina ambalo wao wenyewe hawalipendi sana. Ni watu wa msitu ulio kati ya Garissa na Lamu, wawindaji na warina asali, wale wanaojua kupiga mluzi na ndege anayeongoza watu mpaka kwenye mzinga. Wakati wa vita vya shifta, vilivyoanza 1963, serikali iliwatoa msituni na kuwapanga kwenye vijiji vya kando ya barabara. Mwaka 1976 msitu wao ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Boni upande wa Garissa, na Dodori upande wa Lamu. Mwaka uliofuata uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Hebu fikiria: ndani ya miaka kumi na minne umehamishwa, msitu umekuwa hifadhi, na chakula chako kimekuwa kosa la jinai. Halafu mwaka 2015 serikali ikaanzisha Operesheni Linda Boni dhidi ya Al-Shabaab, na hata asali ikawa shida kuifuata.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo jamaa zangu hawatalipenda. Sisi Wasomali wafugaji hupenda kujisifu kwamba hatuli nyama ya porini. Ni kweli, kwa wengi wetu ni aibu kula swala wakati una ng'ombe. Hirola amefaidika sana na hiyo aibu. Ila aibu hiyo ina upande wa pili: tumewadharau wanaowinda kwa kuwa wanawinda. Neno la mtu wa msituni lilikuwa tusi nyumbani kwetu muda mrefu kabla ya mzungu kuleta sheria yake. Kwa hivyo mkoloni alipomwita Mwaaweer jangili, si wengi kwetu waliopiga kelele.

Sasa, marufuku. Mei 1977 serikali ya Kenyatta ilifuta leseni zote za uwindaji. Kabla ya hapo nchi ilikuwa imegawanywa katika vitalu, na mteja kutoka Texas au Munich alikodi kitalu chake pamoja na mwindaji wa kumwongoza. Ghafla yote yakafungwa, na mwaka uliofuata maduka ya kuuza pembe na ngozi nayo yakafungwa. Wapenzi wa wanyama duniani walishangilia na bado wanashangilia.

Huku kwetu bunduki ziliendelea kulia. Miaka ya 1970 na 1980 bei ya pembe za ndovu ilipanda, silaha zilijaa mpakani, na magenge yalifyeka ndovu kuanzia Tana mpaka Tsavo. Si magenge tu, maana kila mtu anajua kwamba pembe haziwezi kufika bandarini bila wakubwa kujua. Lakini jina la jangili lilibandikwa uso mmoja. Ukiwa Msomali mwenye buti na mswaki wa mti mfukoni karibu na hifadhi, tayari ulikuwa mshukiwa. Mwaka 1988 Rais Moi alitoa amri kwamba majangili wapigwe risasi papo hapo, na 1989 Richard Leakey akapewa idara ya wanyamapori kuisimamia vita hiyo. Julai 1989 tani 12 za pembe zikachomwa Nairobi mbele ya kamera za dunia. Mwezi mmoja baadaye George Adamson, mzee wa simba, akauawa na majambazi huko Kora, ng'ambo ya pili ya Tana kutoka kwetu. Hadithi hiyo dunia inaijua vizuri. Kuhusu Bulla Karatasi, mtaa wa Garissa uliochomwa na vikosi vya usalama Novemba 1980, dunia haijui, na hata ninyi wengine mnalisoma jina hilo hapa kwa mara ya kwanza.

Mnisamehe kwa kwenda mbali na swala. Narudi, maana ndovu na hirola wanakutana mahali ambapo sikutarajia.

Nilipoacha chuo nilikuwa na muda mwingi na bando kidogo, kwa hivyo nilisoma kila nilichopata kuhusu nyumbani. Ndipo nikakutana na kazi ya Abdullahi Ali, mwanasayansi mzaliwa wa huku, mwanzilishi wa Hirola Conservation Programme yenye makao yake Garissa. Mwaka 2017 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha picha za setilaiti na mienendo ya hirola waliofungwa kola. Waligundua kwamba kati ya 1985 na 2012, miti katika eneo la zamani la hirola iliongezeka kwa asilimia 251.

Msomaji wa Nairobi atasema, si hilo ni jambo jema? Tumefundishwa tangu darasa la pili kwamba miti ni uhai. Lakini hirola ni mla nyasi. Anataka uwanda mfupi, ulio wazi, ambako atamwona simba akiwa mbali. Vichaka vya miiba vikijaa, nyasi hufa kivulini, na adui hupata pa kujificha. Na nani alikuwa akizuia miti isijae? Ndovu. Ndovu huangusha miti, huvunja matawi, hung'oa miche. Ndovu walipomalizwa kwa ajili ya pembe, hakukubaki mtu wa kufyeka. Ng'ombe nao wakaongezeka karibu na maji, wakala nyasi zilizobaki, na miche ya miiba ikapata nafasi.

Yaani risasi iliyompiga ndovu mwaka 1982 bado inamuua hirola mwaka huu, na mpigaji pengine alishazikwa zamani.

Si ndovu peke yake, lazima niseme. Miaka ya 1980 ilikuja na ukame na sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe ambao pia humaliza nyati na swala. Hirola walianguka kwa maelfu ndani ya muda mfupi sana. Sotoka yenyewe ilikuja kutangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, na kisa chake cha mwisho kabisa kilionekana kwa nyati wa Meru mwaka 2001, si mbali na huku. Baada ya ugonjwa kuisha ulitarajia hirola wazaane tena. Hawakuzaana vya kutosha. Nyasi zao hazikuwepo.

Sasa nifikie 1996, ambao kwangu ndio mwaka muhimu kuliko yote katika hadithi hii.

Serikali ilikuwa imeshajaribu kuhamisha hirola mara moja, 1963, ikapeleka wachache Tsavo Mashariki, ambako hawakuwahi kuishi kabla. Mwaka 1974 ikatenga Hifadhi ya Taifa ya Arawale katika Garissa kwa ajili yao, kisha ikaisahau. Kufikia 1996 KWS iliona hatari: Garissa hakuna usalama, majangili wapo, ukame upo, tuwachukue wengine tuwapeleke Tsavo wawe akiba. Kama mtaalamu, pengine ningesema vivyo hivyo. Helikopta zikaja.

Watu wa Garissa wakakataa. Na hawakukataa kwa mawe, walikwenda mahakamani. Kesi inaitwa Abdikadir Sheikh Hassan na wenzake wanne dhidi ya Kenya Wildlife Service. Nimeisoma hukumu hiyo mara kadhaa, na kwa kuwa sikumaliza chuo hakuna mhadhiri wa sheria atakayenisahihisha. Hoja ya wakaazi ilikuwa nyepesi: ardhi hii ni yetu kwa mila, hirola ni sehemu ya ardhi hii, mnampeleka wapi? KWS ilijibu kwamba wanyamapori ni mali ya serikali. Mahakama Kuu ikawaunga mkono wakaazi. Ilisema kwamba kwa mila za watu wa hapo, mwenye haki ya kutumia ardhi ana haki pia juu ya matunda yake, mimea na wanyama wakiwemo, isipokuwa sheria iwe imebadilisha hilo. Na ilisema kazi ambayo sheria iliipa KWS ni kuwahifadhi wanyama katika hali yao ya asili, wala haikuipa ruhusa ya kuwang'oa mahali hapo. Uhamisho ukasimamishwa, ingawa baadhi ya hirola waliishia Tsavo mwaka huohuo.

Fikiria uzito wake. Ni 1996. Sheria za hali ya hatari zilizoifunga Kaskazini Mashariki tangu uhuru zilikuwa zimeondolewa miaka mitano tu nyuma. Wazee wetu walikuwa bado wanaulizwa kadi za uchunguzi kwenye vizuizi vya barabarani, kadi ya waridi mkononi kuthibitisha kwamba wewe ni Mkenya. Watu ambao Ukenya wao wenyewe ulikuwa na shaka walikwenda Nairobi kudai swala. Wakashinda.

Wengine walisema, na bado wanasema, kwamba nyuma ya kesi hiyo kulikuwa na siasa na hesabu za utalii. Sawa. Nani huenda mahakamani bila hesabu? Muhimu ni kwamba baada ya kushinda, wakaazi walibanwa na ushindi wao. Ukishasema mnyama ni wako mbele ya jaji, akitoweka utasema nini?

Ndipo tunafika Ishaqbini. Ni hifadhi ya jamii katika Ijara, ukingo wa mashariki wa Tana, iliyoanzishwa na jamii za Hara, Korisa na Kotile miaka ya 2000 kwa msaada wa Northern Rangelands Trust. Mwaka 2012 walijenga ndani yake uzio wa kuzuia simba, fisi na mbwa mwitu, ukizunguka takriban kilomita za mraba 27, wakaingiza hirola 48. Miaka michache baadaye hirola ndani ya uzio walikuwa wameongezeka zaidi ya mara mbili. Huo ni ukweli na unastahili pongezi. Lakini uzio ni wodi ya wagonjwa mahututi. Mgonjwa akipona lazima atoke, na nje bado kuna vichaka.

Ishaqbini ndiko pia walikoonekana wale twiga weupe, mama na ndama, waliopigwa picha mwaka 2017 na kusambaa duniani. Machi 2020 mizoga ya mama na mwanawe ilipatikana. Waliuawa na majangili. Watu wa hapo waliomboleza kwa dhati, nakumbuka, na si kwa sababu ya watalii. Watalii wenyewe ni wangapi wanaofika Ijara, ambako barabara ya Masalani mvua ikinyesha unalala njiani?

Sasa, Northern Rangelands Trust. Hapa wasomaji wangu wengine wataanza kukunja uso, kila mmoja kwa sababu yake. Shirika hili lilianzishwa 2004, na mzizi wake ni Lewa, ranchi ya ng'ombe ya familia ya walowezi tangu 1922. Mwaka 1983 sehemu yake ikawa makimbilio ya vifaru, na 1995 yote ikawa hifadhi. Hiyo ndiyo hadithi ya Knepp, ila ya Laikipia na Meru: mwenye shamba kubwa aamua kuachana na mifugo na kurudisha pori. Kwenye shamba lake ni haki yake, kama unakubali alivyolipata, na huo ni ubishi wa siku nyingine. Tatizo linaanza pale mfumo uliobuniwa kwenye shamba lenye hati unapopelekwa kwenye ardhi isiyo na uzio na yenye wenyewe elfu kadhaa. Nani anatia saini kwa niaba yao? Bodi ilichaguliwa wapi, chini ya mti upi? Wachungaji wa Gafarsa walikuwepo au walikuwa malishoni?

Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili zilizoungwa mkono na NRT, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wakaazi kushirikishwa inavyotakiwa. Siwezi kusema Ishaqbini ni kama Biliqo Bulesa. Ishaqbini ilizaliwa na watu ambao tayari walishapigania swala wao mahakamani, na hiyo ni tofauti kubwa. Lakini ukiangalia vizuri, kesi ya 2025 na ile ya 1996 zinauliza jambo moja. Mlituuliza?

Nirudi kwa wale wanaotaka bunduki zirudi, maana hoja yao si ya kipuuzi na sipendi tunavyoicheka. Wanasema marufuku ya 1977 haikuokoa wanyama, na takwimu ziko upande wao. Utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba wanyamapori katika nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977. Ndovu wamepanda, ndiyo, hesabu ya 2021 ilipata zaidi ya 36,000, lakini wengine wengi wameporomoka. Ndiyo maana Bunge lilipitisha mswada mwaka 2004 ambao ungefungua mlango, na Rais Kibaki akakataa kuutia saini. Ndiyo maana 2018 Waziri Najib Balala aliunda jopo la kuchunguza tena matumizi ya nyama na ngozi za porini. Na Namibia, watakuambia, ina hifadhi za jamii zinazoishi kwa pesa za wawindaji.

Mimi nasema: nionyeshe Loliondo kwanza. Tanzania inaruhusu uwindaji wa leseni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Ortello kutoka Falme za Kiarabu imewinda Loliondo, juu ya ardhi ya Wamaasai. Juni 2022 Wamaasai haohao walipigwa risasi na kufukuzwa wakati vigingi vya mpaka wa pori tengefu vilipokuwa vikipandwa. Mwenye leseni alibaki, mwenye ng'ombe akavuka mpaka kuja Kenya kutibiwa majeraha. Kama nguvu ya kuamua iko kwa wizara na mteja, pesa za nyara hazitafika Ijara, zitaishia Upper Hill. Sina sababu ya kuamini kwamba kwetu itakuwa tofauti, nchi ambayo hata fidia ya mtu aliyeuawa na ndovu, iliyoahidiwa kwenye Sheria ya Wanyamapori ya 2013, familia huisubiri miaka.

Kwa hirola yenyewe uwindaji hata si swali. Huwezi kuuza dume kati ya wanyama chini ya 500. Lakini kurudisha pori kwa maana ya kuondoa mifugo nako si jibu. Uwanda wa hirola ulikuwa uwanda wa ng'ombe pia kwa vizazi, na wachungaji wengi watakuambia kwamba hirola hupenda kukaa karibu na ng'ombe, na kwamba kumwona malishoni ni dalili njema. Pori lisilo na mchungaji halijawahi kuwepo Ijara. Unalirudisha kutoka wapi?

Kinachofanyika sasa ni kazi isiyopigwa picha. Hirola Conservation Programme huajiri vijana na kina mama wa vijijini kukata vichaka na kupanda mbegu za nyasi za asili, hekta kwa hekta. Wanafanya kwa panga kazi ambayo ndovu waliifanya bure. Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, ulichoma mengi ya hayo pamoja na ng'ombe wetu.

Mwaka jana nilikuwa Masalani, nikakaa na mzee mmoja kibandani, chai ya maziwa ya ngamia, nzi wengi. Nikamweleza ule utafiti wa miti na ndovu. Hakushangaa. Alisema yeye aliujua uwanda huo ulipokuwa wazi, unasimama hapa unaona moshi wa boma la upande wa pili. Nikamuuliza kama angekubali ndovu warudi.

"Adeer," akaniambia, "ndovu alimuua binamu yangu kisimani. Warudi, lakini wasirudi na askari wa kuniambia nisifike kisimani."

Kisha akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo nimewauliza watu wawili wa shirika moja na mmoja wa kaunti, bila jibu la kueleweka: hirola wa ndani ya uzio wakishakuwa wengi, wataachiliwa kwenye malisho ya nani, na huyo mtu ameshaambiwa?